Dadu mbili, vigae vya pembe sita na mke asiyeshindika: jioni za Dodoma

#1 Mgeni wa Ilazo

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Dodoma mwaka wa nane sasa, nilikuja na ofisi ilipohama kutoka Dar. Tuliokuja kipindi kile tunajua shida haikuwa vumbi wala maji ya chumvi. Shida ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Umetoka kazini, unaenda wapi? Bahari hakuna, ndugu hakuna. Kwa muda nikawa mtu wa baa, mpaka mama watoto akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha, kama nimehamia Ilazo au nimehamia kaunta.

Basi mwaka jana shemeji yangu alirudi likizo kutoka Ujerumani na boksi. Nikajua chokoleti. Kufungua, makaratasi magumu ya rangi rangi na dadu. Mchezo unaitwa The Castles of Burgundy, umetungwa na Mjerumani Stefan Feld, ulitoka 2011. Burgundy yenyewe ni eneo la Ufaransa, huko kwenye mvinyo. Kila mchezaji ni bwana mkubwa wa zamani mwenye ubao wake wa vyumba 37 vya pembe sita, ukiutazama unafanana na sega la nyuki. Kazi yako ni kuujaza vigae: makasri, malisho, migodi, meli, majengo ya mji, na vile vya njano vya watawa ambavyo kila kimoja kina sheria yake.

Kila raundi unarusha dadu mbili, na kila dadu ni kazi moja. Ukipata 4 unaweza kuchukua kigae kutoka ghala namba 4 katikati ya meza. Au unaweka kigae ulichokwisha chukua kwenye chumba chenye namba 4, rangi ile ile, kilichopakana na ulipokwisha jenga. Au unauza bidhaa za namba 4. Au unaachana na yote hayo unachukua vibarua wawili. Kitabuni wanaitwa wafanyakazi, sisi nyumbani ni vibarua. Kibarua mmoja anasogeza dadu namba moja, juu au chini. Zipo awamu tano, kila awamu raundi tano, mchezo umekwisha. Sisi wawili tunatumia kama saa moja na nusu, maana mwenzangu anafikiri sana.

Sasa kilichonileta. Tumecheza mara 31, naandika kwenye daftari. Nimeshinda mara 6. Mimi nasema ni dadu, yeye anasema ni mimi. Naombeni mtusuluhishe: mchezo wenye dadu unaweza kuwa wa akili kweli, au tunadanganyana?

#2 Subira wa Area C

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, 6 kati ya 31, hiyo siyo dadu.

#3 Nzagamba

Dadu ni dadu tu kiongozi. Huku kwetu Kongwa ukionekana na dadu mbili mezani, mama mkwe anaita wazee. Kama ni akili cheza drafti.

#4 Mgeni wa Ilazo

Hakuna hata shilingi mezani @Nzagamba. Anayeshindwa anaosha vyombo. Mikono yangu ni laini kuliko ya bibi harusi.

#5 Mzee wa Kete

Nimesoma. Mimi ni mtu wa bao, nimecheza tangu sijaota ndevu, na sasa ndevu zimeshakuwa nyeupe. Bao lina mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, unaanza na ishirini na mbili mkononi, na hakuna kitu kilichofichwa. Nikikufunga nimekufunga mimi. Huwezi kusema upepo ulivuma.

Mchezo ambao mtu anarusha kitu halafu anaambiwa na kile kitu afanye nini, mimi nauita ludo iliyovaa suti. Kijana, mkeo ana bahati. Mshukuru Mungu na uoshe vyombo.

#6 Mtoto wa Chimwaga

Shikamoo mzee. Nasoma hesabu hapa UDOM, na mchezo huu tunao hosteli, watu wanne tulichanga. Naomba nipinge kwa adabu.

Kwenye ludo dadu likisema 6 ni 6, umekwisha. Huku kuna vibarua. Chukua kalamu: unahitaji namba 3 na una dadu mbili mkononi. Matokeo yanayowezekana ni 36, na yenye angalau 3 moja ni 11 tu. Hiyo haifiki hata theluthi. Sasa uwe na kibarua mmoja: 2, 3 na 4 zote zinakufaa, yanakuwa 27 kati ya 36. Uwe na vibarua wawili: 1, 2, 3, 4, 5 zote zinafaa, yanakuwa 35 kati ya 36. Unakosa ukipata 6 na 6 peke yake. Kwa hiyo mwenye vibarua wawili mfukoni hapigwi na dadu, labda siku ile ile ambayo bodaboda imemwagia matope na simu imezima chaji.

Na kumbuka 6 ukiiongeza moja inakuwa 1. Inazunguka. Wengi hawalijui hili.

Kitu cha pili. Vyumba ni 37, kimoja unaanza nacho, vinabaki 36. Kila kigae kinataka kazi mbili, kukichukua na kukiweka, hiyo ni 72. Raundi 25 mara dadu mbili ni 50. Huwezi kumaliza ubao kwa dadu peke yake. Zile 22 zinazopungua unazitafuta kwingine: kasri ukiliweka linakupa kazi ya bure ya namba yoyote, baadhi ya majengo ukiyaweka yanakupa kigae au yanakuwekea kigae, na kwa sarafu mbili unanunua kigae kwenye ghala jeusi la katikati, mara moja kila zamu. Mchezo wote umejificha kwenye hiyo 22.

Mkuu @Mgeni wa Ilazo, swali moja tu: huwa unachukua vibarua?

#7 Mgeni wa Ilazo

Daah.

Sichukui. Naona kama nimepoteza dadu. Mtu umerusha, umepata 5 nzuri kabisa, uende kuajiri vibarua? Mama watoto kila awamu lazima achukue, na mimi nilikuwa namcheka.

#8 Subira wa Area C

Nimecheka mpaka bosi kageuka 😂

#9 Dada wa Nkuhungu

Jamani nami nipo kwenye mchezo huu, nacheza na mdogo wangu na mume wangu. Niongezee kwa kaka Mgeni: acha kutamani maeneo makubwa (eneo ni vyumba vya rangi moja vilivyoungana). Eneo la vyumba vitatu lina pointi 6, la vinane 36, ndiyo, lakini kuna nyongeza ya kuwahi. Ukikamilisha eneo awamu ya kwanza unaongezewa 10, ya pili 8, kisha 6, 4, ya mwisho 2. Kwa hiyo kieneo cha vyumba vitatu kilichokamilika awamu ya kwanza ni pointi 16, na umekimaliza kwa kazi sita. Mume wangu yeye ni mtu wa kujenga malisho makubwa kama ana ranchi, awamu ya tano inamkuta bado anatafuta kondoo.

Mgodi nao ukiupata awamu ya kwanza unakuletea sarafu kila mwisho wa awamu, yaani tano. Awamu ya nne hauna maana, waachie wengine.

Malisho ninyi mnahesabu vipi? Maana sisi tuligombana hapo wiki nzima.

#10 Mgeni wa Ilazo

Malisho ndiyo silaha ya mke wangu. Ukiweka ng'ombe unapata pointi za idadi yao pamoja na ng'ombe wote uliokwisha weka kwenye ubao. Anaweka watatu, anapata 3. Baadaye anaweka wanne pembeni kule, anapata 7. Halafu wawili, 9. Kila mara namwambia hao ng'ombe wako wanazaa usiku.

#11 Dada wa Nkuhungu

Simama hapo hapo kaka. Kwenye ubao mzima?

Ni kwenye malisho YALE YALE. Lazima vigae viwe kwenye eneo moja lililoungana. Ng'ombe wa malisho ya kaskazini hawahesabiwi na wa kusini. Mtakuwa mmempa shemeji pointi za bure.

#12 Mgeni wa Ilazo

Nisubirini.

#13 Nzagamba

Hahaha anaenda kuvunja ndoa huyo. Ila hapo kwenye ng'ombe nimeanza kuupenda mchezo.

#14 Mgeni wa Ilazo

Nimerudi. Sheria zilikuja za Kijerumani, shemeji alitutafsiria kwa simu huku mtandao unakatika katika, inaelekea neno la "yale yale" lilikatikia hewani. Nimemwonyesha mama watoto. Akasoma, akatulia, akasema "sawa, lete daftari." Tumepiga hesabu ya michezo tunayoikumbuka vizuri, tukatoa pointi za ng'ombe haramu. Ushindi wake mmoja umegeuka wangu. Mmoja! Sasa ni 7 kati ya 31, na ameniambia nijipongeze.

Wakati tupo kwenye malalamiko, nitoe na langu la vifaa. Toleo letu ni lile la mwanzo, vigae vyake vyembamba kama kadi ya kliniki. Agosti iliyopita tulikuwa tunacheza barazani, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua. Ulikuja mmoja kutoka upande wa kilimani, ukaokota Burgundy nzima ukaipeleka kwa jirani. Tumeokota kwa tochi mpaka saa tatu usiku, kuku wa jirani wanatushangaa. Kilipotea kigae kimoja, cha ng'ombe wanne. Nimekata kingine kwenye boksi la maji ya kunywa nikachora ng'ombe kwa kalamu. Wametoka kama mbwa. Na kwa sababu boksi ni nene kuliko vigae vingine, kikiwa kimelala kifudifudi sote tunajua ng'ombe wanne walipo.

Jambo jingine ni rangi. Makasri ni kijani kibichi, malisho ni kijani hafifu. Mchana unaona tofauti. Umeme ukikatika ukawasha taa ya sola, yote yanakuwa rangi moja ya mlenda. Nimeweka kinukta cha wino nyuma ya kila kasri.

#15 Mzabibu Mkavu

Nimeona Burgundy nikaingia mbio, mimi mkulima wa zabibu Mpunguzi. Kumbe mnaongelea makaratasi. Zabibu zipo humo lakini?

#16 Mtoto wa Chimwaga

Ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku wapo mkuu. Zabibu za kupanda shambani hakuna.

#17 Mzabibu Mkavu

Watu wa Burgundy wanavuna mara moja kwa mwaka na wametengenezewa mchezo. Sisi tunavuna mara mbili, wa Februari na Machi halafu wa Agosti na Septemba, na hata kalenda hatuna. Tengenezeni wa Dodoma. Malisho yabaki, Wagogo tupo. Meli toeni, wekeni treni ya SGR ishushe bidhaa. Watawa mmeshawapata, misheni ya Bihawana ipo hapo. Na ile awamu ya tano ya pointi mbili ndiyo iwe msimu ambao mnunuzi anakuja zabibu zimeshaanza kukauka mtini.

#18 Dada wa Nkuhungu

Hilo la mwisho limeniuma kweli 😂 Pole sana kaka.

#19 Mzee wa Kete

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Huyu mtoto wa hesabu amenitia shaka kidogo, na mimi shaka silali nayo. Kijana wa Ilazo, Jumamosi natoka mnadani Msalato, naweza kupita kwenu? Nitakuja na nyama.

#20 Mgeni wa Ilazo

Shikamoo mzee. Karibu sana. Nimekutumia namba pembeni. Tutachezea sebuleni, barazani tumekoma.

#21 Subira wa Area C

Jumamosi mbona mbali.

#22 Subira wa Area C

Leo Jumapili. Mrejesho tafadhali, msituache hewani.

#23 Mzee wa Kete

Marahaba nyote. Nitaandika kidogo kidogo, simu yangu herufi zake ni ndogo.

Nilipokelewa vizuri. Mchezo wa kwanza sikucheza. Nilikaa kwenye kigoda pembeni nikatazama, kama ninavyotazama bao la watu nisiowajua. Nataka niwaambie nilichokiona, kwa sababu kijana amecheza mara thelathini na moja hajakiona.

Raundi ikianza wote wawili wanarusha dadu zao kwa pamoja, zinalala mezani wazi. Kijana akisharusha anazitazama dadu zake. Anazitazama tu hizo. Anakuna kichwa, anaziongelesha. Yule binti akisharusha, macho yake hayaendi kwenye dadu zake. Yanakwenda kwanza kwenye dadu za mumewe, halafu kwenye ubao wa mumewe, kisha ndipo anarudi kwake.

Nitoe mfano mmoja nilioushika. Awamu ya tatu, raundi ya pili, na binti ndiye anatangulia kucheza maana meli zake zilimsogeza mbele. Kijana amepata 5 na 2, hana kibarua hata mmoja. Binti amepata 5 na 3. Ghala la 3 lina meli, na binti anaitaka meli ile, nimemwona anavyoiangalia. Ghala la 5 lina jengo la soko. Kijana ana mji wa vyumba vitatu, viwili vimejaa, soko hana, na mji mmoja hauruhusu majengo mawili ya aina moja, kwa hiyo lile soko ndilo lingemfungia mji. Sita za mji na sita za awamu, kumi na mbili.

Mimi ningechukua meli kwa ile 3. Kijana naye angechukua meli. Binti hakuigusa. Kwa 5 akachukua soko, ambalo halikuwa na haraka kwake. Kwa 3 akaweka kigae alichokuwa nacho. Kwa nini aliiacha meli? Kwa sababu mumewe ana 5 na 2 na mfuko mtupu. Kwenye 3 hafiki asipotoa dadu kuajiri vibarua, na hilo hafanyi. Meli ilikuwa salama pale ghalani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Raundi iliyofuata akaichukua, na alikuwa na kibarua wa kumsogezea dadu. Kijana akasema "aisee dadu zangu leo." Nikanyamaza, nilikuwa mgeni.

Hayo ni bao. Ndivyo tunavyofanya sisi: huchezi kete kabla hujahesabu mashimo ya mwenzio. Dadu zinatoka kwa Mungu lakini zikishalala mezani ni kete kama kete nyingine, kila mtu anaziona.

Mchezo wa pili nilicheza nao. Nilikuwa wa mwisho, na wala sikukaribia. Mikono yangu ni minene, vigae vile vidogo vinanitoroka, halafu kile kijani ndicho kipi sikujua mpaka jioni. Sitasema ni ludo tena. Suti yake ni ya kwake.

#24 Nzagamba

Mzee umeandika mpaka nimeona hiyo meli.

#25 Mtoto wa Chimwaga

Shikamoo tena mzee. Umeeleza kwa mfano mmoja kitu ambacho mimi ningejaza ubao wa darasa. Ghala moja kwa wachezaji wawili lina vigae viwili tu, na awamu ikiisha visivyochukuliwa vinatolewa. Kwa hiyo kujua mwenzio hafiki wapi ni sawa na kuwa na ghala lako la siri.

#26 Mgeni wa Ilazo

Wakuu, huyu mzee amenianika mbele ya taifa. Alipoondoka nilimuuliza mama watoto: ni kweli huwa unatazama dadu zangu kwanza? Akaniangalia muda, akasema, "kwani wewe hutazami zangu?" Miezi yote hii alidhani sote tunafanya hivyo, na mimi ni mbovu tu.

Jana usiku tukacheza. Nikajipanga. Vibarua nikawachukua tangu raundi ya kwanza, dadu zake nikazitazama kwanza, migodi miwili awamu ya kwanza, mji wa vyumba viwili nikaufunga mapema. Mpaka awamu ya nne nilikuwa mbele kwa pointi tisa, wallahi, nimeandika. Alikuwa ameacha kunywa chai. Tukamaliza 207 kwa 203.

#27 Dada wa Nkuhungu

207 ni yako????

#28 Mgeni wa Ilazo

Yake.

#29 Mtoto wa Chimwaga

Pole mkuu. Mwishoni ulibaki na vibarua wangapi mkononi?

#30 Mgeni wa Ilazo

Tisa.

#31 Mtoto wa Chimwaga

Mkuu. Vibarua wawili ni pointi moja mwisho wa mchezo. Umeajiri watu tisa wakakaa kivulini.

#32 Mgeni wa Ilazo

Nilikuwa nawaweka akiba. Niacheni kwanza, nina sufuria la makande limegandia.